Vidole gumba machoni mwa Poseidon

Mwanzoni mwa God of War III, gemu iliyotoka mwaka 2010 kwa ajili ya PlayStation 3, Poseidon anapigwa mpaka anavuliwa umbo lake la maji na kubaki mtu wa nyama na damu, hoi, juu ya mlima Olympus. Hapo kamera inahama. Mchezaji ambaye muda wote alikuwa akimtazama Kratos, mhusika anayemwongoza, kwa mbali, sasa anatazama kwa macho ya Poseidon. Anaziona ngumi zikija. Anajaribu kujiburuta, anavutwa, anapigizwa mwambani. Kisha kioo kinamwagiza abonyeze stiki zote mbili za pedi kwa pamoja, na akibonyeza, vidole gumba vya Kratos vinazama machoni mwa mungu wa bahari. Giza. Shingo inavunjwa, mwili unatupwa kutoka mlimani, na bahari iliyofiwa na mwenyewe inafura na kuimeza nchi.

Vidole hivyo ni vya nani? Vya mchezaji, maana ndivyo vilivyobonyeza. Na macho nayo, kwa sekunde hizo chache, ni yake. Waliolibuni tukio hili walijua wanachokifanya, kuliko walivyosifiwa na wakosoaji walioona damu basi.

Lawama inayozoeleka dhidi ya gemu za namna hii ni kwamba zimechukua visa vya kale vya Wagiriki, vyenye heshima zake, zikavigeuza machinjio. Anayelaumu hivyo hajamsoma Hesiod. Katika Theogonia, shairi lake la nasaba ya miungu, Cronos anamhasi baba yake Uranos kwa mundu aliopewa na mama yake. Damu inayodondokea ardhini inazaa majitu na mizimu ya kisasi. Povu la kile kilichotupwa baharini linamzaa Aphrodite. Cronos naye anawameza wanawe kila wanapozaliwa, akiogopa kutendwa alivyotenda. Zeus anaokoka kwa sababu baba mtu alimezeshwa jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Anakua, anampindua baba yake kwa vita vya miaka kumi, kisha naye anamuoa Metis na kummeza akiwa mjamzito, kwa kuwa imetabiriwa kwamba baada ya binti atazaa mtoto wa kiume atakayemwondoa kitini. Damu haikuletwa na Wamarekani wa California. Waliikuta.

Kinachofaa kuulizwa ni damu hiyo inamwagika mbele ya nani, kwa mkono wa nani, na ikishamwagika nani anabaki kulia. Hapo ndipo gemu na tamthilia ya kale zinapoachana njia, na mara mojamoja zinakutana tena mahali ambapo hakuna aliyezitegemea.

Gemu ya kwanza ya God of War ilitoka mwaka 2005 kwenye PlayStation 2, kazi ya studio ya Sony ya Santa Monica chini ya mwongozaji David Jaffe. Ugiriki wa Jaffe haukutoka maktaba. Ulitoka sinema, hasa Clash of the Titans ya mwaka 1981 yenye mazimwi ya Ray Harryhausen, na wenyewe hawakuficha asili yake. Gemu ya pili, ya mwaka 2007, ilipomleta Perseus, ilimpa sauti ya Harry Hamlin, yule yule aliyemwigiza Perseus katika sinema hiyo. Ya tatu ikamleta Hercules kwa sauti ya Kevin Sorbo, nyota wa tamthilia ya televisheni ya Hercules iliyozunguka dunia miaka ya 1990. Wote wawili Kratos anawaua, na Hercules anapondwa uso mpaka hatambuliki. Mtu akisema kwamba aliyeuawa hapo ni Ugiriki wa televisheni, ule wa misuli iliyopakwa mafuta na mashujaa wasiochafuka, sitambishia.

Kratos ni kapteni wa jeshi la Sparta. Siku jeshi lake linapozidiwa, yeye yuko chini na nyundo ya mfalme wa adui iko hewani, anamwita Ares, mungu wa vita, na kumpa maisha yake. Ares anaitika. Anamletea panga mbili zenye minyororo inayochomwa mpaka ndani ya nyama ya mikono, na tangu hapo Kratos ni mtumwa wa bwana huyo. Anachoma vijiji kwa jina lake. Usiku mmoja, ndani ya hekalu aliloonywa asiliingie, anafyeka kila aliye hai, na hasira ikimshuka anakuta miguuni pake mkewe Lysandra na binti yake Calliope. Ares ndiye aliyewaweka humo, ili askari wake asibakiwe na chochote cha kupenda isipokuwa vita. Mzee mtabiri wa kijiji anamlaani: majivu ya maiti hao yashikamane na ngozi yake daima. Weupe ule wa Kratos unaouona kwenye mabango na fulana ni mkewe na mwanawe.

Mgiriki wa kale angekitambua kisa hiki mara moja, ila angeuliza kwa nini mhusika amebadilishwa.

Katika tamthilia ya Euripides iitwayo Heracles, ya karne ya 5 kabla ya Kristo, shujaa huyo, ambaye Warumi walimwita Hercules, anarudi Thebes akitoka kuzimu alikokwenda kumchukua mbwa Cerberus. Anakuta mkewe Megara, wanawe watatu na mzee Amphitryon wanangoja kuuawa na Lycus, aliyepora ufalme akidhani mwenye nyumba hatarudi tena. Watoto wameshavishwa nguo za maiti. Heracles anamuua Lycus, wazee wa mji wanashangilia, na tamthilia ingeweza kuishia hapo watu wakaenda zao kula. Badala yake, juu ya nyumba anatokea Lyssa, yaani Wazimu mwenyewe, ametumwa kwa amri ya Hera. Naye Lyssa anasita! Anasema mtu huyu hastahili kutendwa hivi. Anaambiwa afanye alichotumwa. Humo ndani Heracles anawaona wanawe kuwa ni watoto wa adui yake Eurystheus, anawawinda kwa upinde na rungu, na mama yao anakwenda nao. Kabla hajamfikia mzee, Athena anampiga jiwe la kifua na usingizi unamwangusha. Anapozinduka amefungwa kamba nguzoni, haelewi lolote, na Amphitryon ndiye anayelazimika kumweleza.

Waandishi wa gemu wameuchukua mzigo huu mabegani mwa Heracles wakamtwisha Kratos, kisha wakamleta Heracles kama ndugu mwenye wivu anayetafuta ngumi. Hata Athena amehama pamoja na kisa. Anamwahidi Kratos kwamba akimuua Ares miungu itamsamehe dhambi zake. Anamuua. Anasamehewa. Kisha anaambiwa kwamba kuondolewa jinamizi hakukuwa ndani ya makubaliano. Kratos anapanda mlima na kujirusha baharini. Gemu ya 2005 inaanza na mtu huyo akianguka, na zaidi ya nusu ya ukali wake inatokana na kwamba mchezaji anajua mwisho tangu dakika ya kwanza, kama hadhira ya Athens ilivyojua. Miungu haimruhusu hata kufa: inamtoa majini na kumkalisha kwenye kiti kitupu cha Ares.

Kuna sehemu moja ya Euripides ambayo mimi hurudi kuisoma kuliko zote. Baada ya maafa, Heracles anashika upinde na rungu lake na hajui afanye nini navyo. Akitembea navyo vitamgonga mbavuni na kumkumbusha kila hatua kwamba vilimuulia wanawe. Akivitupa, maadui watamkuta mikono mitupu. Anaamua kuvibeba, kwa uchungu. Kratos hakupewa nafasi ya kuamua, kwa kuwa minyororo ilikuwa imeshaingia mwilini. Aliipata nafasi hiyo mwaka 2018, mfululizo ulipohamia kaskazini kwa miungu ya Wanorse chini ya mwongozaji Cory Barlog. Kratos wa huko ni mzee wa ndevu, anatumia shoka, na zile panga amezizika chini ya sakafu ya nyumba. Mwanawe Atreus anapougua, na dawa iko mahali ambapo shoka la barafu halifui dafu, anafukua sakafu na kuzifunga tena mikononi huku mzuka wa Athena ukimkejeli pembeni. Aliyeandika tukio hilo, awe alimsoma Euripides au hakumsoma, alifika pale pale.

Tukiwa bado kwenye minyororo: Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo aliyeandika habari za mahekalu ya Ugiriki, anasema huko Sparta palikuwa na sanamu ya kale ya Enyalius, mungu wa vita ambaye mara nyingi huhesabiwa kuwa Ares mwenyewe, nayo imefungwa pingu. Wasparta waliamini kwamba mungu wa vita akifungwa hatawatoroka. Kwenye gemu mambo yamegeuka. Mungu ndiye aliyemfunga Msparta.

Jina la Kratos nalo lina kioja chake. Kwa Hesiod, Kratos ni mtoto wa Styx, ndugu wa Bia, Nike na Zelus, na wote wanne makao yao ni kando ya Zeus siku zote. Katika tamthilia ya Prometheus Aliyefungwa, ambayo kwa mapokeo ni ya Aeschylus ingawa wataalamu wengi wana shaka, Kratos na Bia ndio wanaomburuta Prometheus mpaka mwambani. Mhunzi Hephaestus anaona huruma kumpigilia misumari. Kratos anamfokea aharakishe, agonge kwa nguvu zaidi, mkubwa anatazama. Ni askari wa serikali ambaye huruma anaiona uzembe. Watengenezaji wa gemu wamesema kwamba walipolichagua jina hawakuwa na habari za huyu. Bahati iliyoje! Mtumishi mwaminifu wa Zeus amerudi baada ya zaidi ya miaka elfu mbili kumkaba Zeus koo. Njiani, katika gemu ya pili, anamkuta Prometheus yule yule amening’inia, tai anamla ini. Prometheus anamsihi ampumzishe. Kratos anakata minyororo, Prometheus anaangukia motoni na kufa, na majivu yake yanampa Kratos nguvu mpya za kupigana.

Hapo kwenye nguvu mpya ndipo nami ninapoanza kugombana na gemu hizi.

Jukwaa la Athens lilikuwa na desturi yake: kwa kawaida mtu hauawi mbele ya watazamaji. Anaingia ndani, mlango unafungwa, sauti inasikika, kisha anatoka mjumbe na kusimulia. Mara nyingine maiti husukumwa nje juu ya jukwaa la magurudumu. Msomaji wa Kiswahili aliyepitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, anaijua nguvu ya mbinu hii. Mfalme anajitoboa macho kwa vifungo vya nguo za mkewe, na sisi hatuoni. Tunasimuliwa. Kisha anatoka nje, kipofu, na anaomboleza mbele yetu kwa muda mrefu, anauliza habari za binti zake, anataka kuwagusa. Macho ya Edipode yametobolewa katika sentensi chache za mjumbe. Kilio chake kimepewa jukwaa zima.

Kwa Poseidon hesabu imepinduliwa. Kutobolewa macho kumepewa ufundi wote wa studio, na kilio hakuna. Dakika inayofuata Kratos anaendelea kupanda mlima. Biashara nayo ilikuwa inajua inauza nini: mwaka 2007 Sony ililazimika kuomba radhi baada ya hafla ya kuitangaza gemu ya pili mjini Athens kupambwa kwa mzoga wa mbuzi aliyekatwa kichwa.

Atasema mtu kwamba Homer hakufunga mlango. Kweli. Kitabu cha tano cha Iliad kingemfaa daktari wa upasuaji. Pedaeus anachomwa mkuki kisogoni, chuma kinapita kati ya meno na kukata ulimi, anaanguka akiwa ameing’ata shaba ya baridi. Hakuna kilichofichwa. Lakini kabla Pedaeus hajafa, Homer anakueleza kwamba alikuwa mtoto wa nje wa Antenor, na kwamba Theano, mke wa Antenor, alimlea kama aliyemzaa yeye, kwa kumpenda mumewe. Mstari mmoja, na marehemu ana mama. Kitabu kinachofuata anauawa Axylus wa Arisbe, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya barabara na alikuwa akimkaribisha kila mpita njia. Siku ya kufa kwake, anasema mshairi, hakuna hata mmoja wa wageni wale aliyekuja kusimama mbele yake. Ni vigumu kumsoma Axylus ukabaki unamshangilia Diomedes aliyemuua.

Kwenye God of War adui akifa anatoa vitufe vyekundu vya nuru. Vinaruka hewani na kuingia mwilini mwa Kratos, na ukishavikusanya vya kutosha unanunulia panga zako makali zaidi. Huo ndio uchumi wa gemu nzima. Askari wa Athens, wafu waliofufuka, wanawake nusu ndege, wote wanaishia kuwa akiba. Homer anampa marehemu jina. Gemu inamgeuza fedha. Katika gemu ya kwanza, ndani ya hekalu la Pandora, yupo askari aliyefungiwa kwenye kizimba anayekuomba umtoe. Mlango uliopo mbele unataka sadaka. Unakisukuma kizimba, mwenyewe kwa pedi yako, mpaka kwenye moto, huku akilia. Hakuna njia nyingine. Usipofanya hivyo gemu haiendelei. Mara ya kwanza inachoma moyo, na nadhani ilikusudiwa ichome. Tatizo ni kwamba baada ya mlango kufunguka hakuna anayemtaja tena, na vitufe vyekundu vinaendelea kuruka.

Kwetu pwani tunao mfano wa kupima jambo hili. Fumo Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, jambo la mara moja. Kinachofuata ndicho kirefu: shujaa anapiga magoti kando ya kisima, upinde umevutwa, amekufa, na mji mzima unashinda na kiu kwa kumdhani yu hai, mpaka mama yake anaombwa aende akambembeleze. Ningependa kuona gemu itakayomwacha mchezaji asimame pale kisimani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo God of War imelifikiria kwa kina kuliko inavyodhaniwa, nalo ni kifo cha miungu. Miungu ya Wagiriki haifi. Katika Iliad Ares mwenyewe anachomwa mkuki na Diomedes akisaidiwa na Athena; anapiga ukelele kama wa wanaume elfu tisa au kumi, anapanda Olympus kushitaki, Zeus anamwambia kwamba humchukia kuliko miungu yote, kisha anapakwa dawa, anaogeshwa, anavishwa nguo safi na kukaa kando ya baba yake. Ni kichekesho, na ndani yake mna uchungu, kwa sababu huku chini akina Axylus hawapakwi dawa.

Gemu imeiondoa kinga hiyo, kisha ikauliza nini kitatokea. Helios anang’olewa kichwa, nacho kinakuwa taa ya kumulikia mapango. Jua linazimika nchi nzima. Hermes anakatwa miguu kwa ajili ya viatu vyake, na maiti yake inatawanyika kuwa mainzi waenezao tauni. Hades akifa, roho za wafu zinakosa bwana. Hera akivunjwa shingo, mimea inakauka. Kila bosi unayemshinda, dunia inapungua, na unapomfikia Zeus hakuna tena Ugiriki wa kuutawala. Sijui sinema ya Hollywood iliyowahi kueleza vizuri hivyo kwamba miungu hii ndiyo bahari yenyewe, jua lenyewe, na kwamba kulipiza kisasi dhidi yao ni kujikatia tawi ulilokalia. Na Zeus anapewa sababu ya ukatili wake: Kratos alipofungua sanduku la Pandora amuue Ares, maovu yaliyokuwamo yaliiingia miungu, na Zeus akashikwa na hofu. Kwa Hesiod maovu yanatawanyika kwa wanadamu na tumaini linabaki ndani ya mtungi. Hapa tumaini linamwingia Kratos bila yeye kujua, na hofu inakwenda juu. Halafu inabainika kwamba Kratos ni mtoto wa Zeus. Yule mtoto wa kiume ambaye Zeus alimmeza Metis ili asizaliwe, amezaliwa kwa mlango mwingine. Hakuna mahali gemu inapolitaja jambo hilo la Metis. Ni mimi ninayeliona, na nikishaliona siwezi kuacha.

Vijana wengi wa Afrika Mashariki walimjua Zeus kwa njia hii hii kabla ya kitabu chochote, pengine isipokuwa sura ya 14 ya Matendo ya Mitume, ambako watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme. Walimkuta kwenye PlayStation 2 za vibandani, zamu kwa zamu, katikati ya mechi za mpira. Waliokuja baadaye wanamchezea kwenye simu: Chains of Olympus ya 2008 na Ghost of Sparta ya 2010 zilitengenezwa kwa PSP, lakini programu ya PPSSPP imezihamishia kwenye Android, na simu ya kawaida inazimudu. Mwalimu wa fasihi atakayekuta darasa linamjua Hephaestus asishangae, ila ajiandae kueleza kwa nini kwa Euripides Heracles ndiye anayeliliwa.

Zipo njia nyingine za kuchezea visa hivi. Hades ya Supergiant Games, iliyokamilika mwaka 2020 na kupewa tuzo maalumu ya Hugo mwaka uliofuata, ina mapigano kutwa kucha, lakini shujaa wake Zagreus, mwana wa mfalme wa kuzimu, akiuawa anarudi nyumbani, anatoka kwenye dimbwi la damu na kukuta watu wa kuzungumza nao. Achilles yupo hapo mlangoni, ameshika mkuki, anamwaza Patroclus. Kazi yako mojawapo ni kuwakutanisha. Gemu imetumia kifo kama Homer alivyokitumia, kuwa mahali pa mazungumzo, na nadhani ndiyo kazi bora kuliko zote katika fani hii.

God of War yenyewe ilichukua njia ndefu zaidi. Kratos wa 2018 anamlea mtoto ambaye amempa jina la Atreus, kwa kumkumbuka askari mwenzake wa Sparta. Anayejua visa vya Wagiriki anashituka, maana Atreus wa kale aliwachinja watoto wa ndugu yake na kumwandalia baba yao mezani. Ragnarök ya mwaka 2022 ikaendeleza malezi hayo. Desemba 2023 ikatolewa nyongeza ya bure iitwayo Valhalla, ambamo Kratos anarudishwa kwenye magofu ya Ugiriki ndani ya kumbukumbu yake. Kichwa cha Helios kinaning’inia kiunoni, safari hii kinaongea, na hakina adabu. Kinamwuliza maswali ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza. Mwisho anakaa mbele ya kijana aliyewahi kuwa yeye, kwenye kile kiti cha mungu wa vita, na kumwambia alichofanya bila kujitetea. Heracles wa Euripides alikuwa na rafiki yake Theseus wa kumshika mkono na kumwondoa Thebes. Kratos ana Mimir, kichwa kingine kilichokatwa, rafiki mwenye maneno mengi. Inatosha.

Wanawake ndio waliobaki nyuma. Gemu za Ugiriki ziliwatumia vibaya, na sioni sababu ya kulisema hili kwa kunong’ona. Kuna vimichezo vya kitandani vinavyolipwa kwa vitufe vile vile vyekundu. Kuna mateka wa Poseidon kwenye gemu ya tatu, mwanamke asiye na jina, ambaye Kratos anambananisha kwenye gurudumu la lango ili lisifunge, na gurudumu linampondaponda. Megara wa Euripides anaongea sehemu kubwa ya mwanzo wa tamthilia: anapanga, anabishana na baba mkwe, anawavalisha watoto sanda kwa mikono yake ili wafe kwa heshima. Akiuawa tunajua nani ameuawa. Huko kaskazini Faye, mke wa pili wa Kratos, amekufa kabla gemu haijaanza, lakini Ragnarök inamleta ndotoni kama mtu kamili, anayecheka na kumpinga mumewe.

Lysandra hana bahati hiyo. Katika gemu ya 2005 anapata mazungumzo mafupi katika kumbukumbu ya mumewe, siku za ushindi wake. Anamwuliza ni vita vingapi vitamtosha. Kratos anajibu kwamba mpaka utukufu wa Sparta ujulikane dunia nzima. Lysandra anamwambia Sparta haimo. Anafanya kwa ajili yake mwenyewe. Kisha hadithi inampeleka hekaluni. Waandishi walimpa sentensi mbili tatu, na humo wakaweka hukumu ambayo ilimchukua mumewe miaka 18 na safari ya Valhalla kuikubali.